Muuza simu akitaka kutuuzia chombo cha moto



Mwezi uliopita vijana tisa wa kikundi cha msikiti wetu hapa Mombo walileta mbele ya kamati ombi lililotuweka kikaoni tangu baada ya Alasiri hadi adhana ya Magharibi. Kampuni moja ya simu za mkononi, ambayo wakala wake tunamfahamu kwa kuwa ndiye aliyewauzia wengi wetu simu za kulipa kidogo kidogo, sasa inaleta pikipiki za umeme. Kianzio si kikubwa, marejesho ni ya kila siku, na kituo cha mafuta kinasahaulika. Sharti ni moja tu, kwamba kikundi kiwe na mdhamini. Na vijana walikwisha kumpata mdhamini wao kabla ya kutuuliza. Mdhamini huyo ni msikiti wenyewe, na hasa kodi ya zile fremu tatu za maduka ambazo marehemu mwenye kiwanja, Allah amrehemu, aliziweka wakfu kwa ajili ya madrasa na maji ya udhu.

Mimi ni katibu, na kazi ya kuandika jibu iliniangukia. Jibu lenyewe halikuwa refu. Lakini yaliyonifanya niliandike hivyo ni mengi, na kwa kuwa naamini wakala wa aina hii hafiki Mombo peke yake, nimeona niyaweke hapa mbele ya familia zinazosoma ukurasa huu.

Katika kikao kile mzee mmoja, ambaye ujana wake wote aliumaliza akiendesha lori la kabichi na viazi kutoka Lushoto, alisema neno ambalo wengi walilikubali kwa kutikisa vichwa: muuza simu na chombo cha moto, wapi na wapi? Kila mtu na afanye anachokijua. Namheshimu mzee wetu, lakini hoja hii, kwa jinsi ilivyosemwa, haina nguvu. Magari yale yale anayoyaamini yametoka kwa watu ambao hawakuwa watu wa magari. Toyota ilianzia katika viwanda vya vitanda vya kufumia nguo vya Sakichi Toyoda. Idara ya magari ilifunguliwa humo mwaka 1933 na mwanawe Kiichiro, na kampuni ya magari ikasimama peke yake mwaka 1937. Suzuki nayo ilianza na vitanda vya kufumia mwaka 1909. Mazda ilizaliwa mwaka 1920 ikishughulika na vizibo. Mitsubishi, ambao Fuso zao ndizo zinazoshusha mboga za Usambara hadi Dar es Salaam, walianza na meli. BYD ya China, ambayo leo magari yake ya umeme yametapakaa duniani, ilianzishwa mwaka 1995 kutengeneza betri, zikiwemo za simu, na ikaingia katika magari mwaka 2003. Kwa hiyo anayesema kwamba fundi wa kitu kimoja hawezi kujifunza kingine anakanushwa na Noah inayompeleka Soni kila siku ya soko.

Na wauza simu nao wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza. Xiaomi, ambayo simu zake za Redmi zimo mifukoni mwa vijana wetu, ilitangaza mwezi Machi 2021 kupitia mwenyekiti wake, Lei Jun, kwamba itaingia katika magari ya umeme kwa mtaji wa dola bilioni 10 katika miaka kumi. Miaka mitatu baadaye, Machi 2024, gari lake la kwanza, SU7, likaingia sokoni, na hadi mwisho wa mwaka huo zaidi ya magari 130,000 yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa wanunuzi. Karibu na kwetu zaidi, Transsion, kampuni ya China ambayo ndiyo mama wa Tecno, Itel na Infinix, imeingia katika pikipiki za umeme za soko la Afrika kwa jina la TankVolt. Nchini Kenya, M-KOPA, ambayo watu waliijua kwa taa za sola za kulipia kidogo kidogo, kisha kwa simu, sasa inakopesha pikipiki za umeme kwa mtindo ule ule. Hii si ajabu ukitazama ndani ya chombo chenyewe. Injini ya mafuta ilikuwa kizuizi kikubwa kwa mgeni, kwa kuwa ilidai ujuzi wa miongo mingi. Chombo cha umeme kwa sehemu kubwa ni betri, mota na programu, na katika hayo watu wa simu si wageni.

Basi swali la kama wanaweza tuliweke kando. Lipo swali jingine ambalo mzee wetu, nadhani, ndilo aliloliona ijapokuwa hakulitaja: wakishaingia, wataondokaje?

Maana kuondoka pia kupo. Apple, kampuni tajiri kuliko bajeti za nchi nyingi, ilikaa takriban miaka kumi tangu 2014 ikifanya kazi ya gari kwa siri, na Februari 2024 ikaifunga bila kuonyesha hata gari moja hadharani. Dyson wa Uingereza, mwenye kampuni ya mashine za kufyonza vumbi, aliufunga mradi wake mwaka 2019 baada ya kutumia pauni milioni 500 za mfukoni mwake. Hawa waliondoka kwa uungwana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewalipa. Hasara ilikuwa yao, na mnunuzi hakuguswa.

Mobius ya Kenya ni habari nyingine. Joel Jackson, Mwingereza, aliianzisha Nairobi mwanzoni mwa muongo wa 2010 akiwa na nia ambayo mtu wa Usambara hawezi kuicheka: gari imara, lisilo na madoido, la bei ya kuridhisha, kwa ajili ya barabara mbovu za Afrika. Gari lilitoka, watu walilinunua, kisha matoleo mapya yakapanda bei, na muda wote huo bandari ya Mombasa ilikuwa ikipokea magari yaliyotumika Japani ambayo mnunuzi aliyafahamu na fundi wake pia aliyafahamu. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba inafunga milango kwa kuelemewa na madeni. Muda mfupi baadaye ilipata mnunuzi, kampuni iitwayo Silver Box, na kufungwa kukasitishwa. Lakini jiweke mahali pa mwenye gari katika zile siku za katikati. Gari lako zima, limesimama mlangoni, na hujui kama mwakani utapata hata kioo cha taa yake.

Sisi watu wa Mombo tunayo habari kama hiyo katika historia yetu wenyewe, ila imekuwa ya zamani mno hata tunapita juu yake kila siku bila kuiona. Mwaka 1891 iliundwa kampuni ya Kijerumani ya kujenga reli kutoka Tanga kuja Usambara. Nyuma yake walikuwapo watu wa biashara na mashamba, si watu wa reli. Kazi ilianza mwaka 1893, na hadi 1896 walikuwa wamefika Muheza tu, kilomita zipatazo 40, na fedha zikawaishia. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuibeba reli yote. Ndiyo iliyoifikisha Korogwe mwaka 1902 na hapa Mombo mwaka 1905. Sina la kuwasifia wakoloni, na jasho lililomwagika juu ya reli ile halikuwa lao. Ninachokiangalia ni jambo moja: reli haikutelekezwa Muheza kwa sababu alikuwapo wa kuichukua kampuni ilipoanguka. Pikipiki ya kijana wetu, kampuni yake ikianguka, nani ataichukua?

Hapa ndipo simu na chombo cha moto vinapoachana. Simu ikitumika miaka mitatu mtu hushukuru. Kioo kikipasuka na kipuri kisipatikane, huinunua nyingine na ile mbovu humwachia mtoto achezee. Gari kwetu haliishi hivyo. Linatujia likiwa limekwisha kutumika Japani miaka kumi au zaidi, nasi ndipo tunaliita jipya, tunalipa jina, tunaliandika maneno ya dua kwenye kioo cha nyuma, na linatubeba miaka kumi na mitano mingine. Linaishi kwa sababu kila fundi, toka hapa Mombo hadi Mlalo, anaweza kulifungua, na kipuri chake kama hakipo Korogwe kipo Tanga, na kama si halisi basi ni cha kuiga. Mali ya maskini ni ile anayeweza kuitengeneza. Pikipiki ambayo akili yake imefungwa ndani ya kisanduku ambacho fundi haruhusiwi kukifungua, na ambayo hubadilika tabia kwa programu inayotumwa kutoka mbali, ni chombo cha namna nyingine kabisa, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kisha kuna mlima. Vijana walituonyesha karatasi yenye idadi ya kilomita ambazo betri moja inakwenda. Idadi ile, nina hakika, ni ya kweli kwa barabara tambarare. Lakini kutoka hapa hadi Lushoto ni kilomita zisizozidi 35 na katika hizo tunapanda karibu mita 1,000. Hesabu yake ni ya shule ya sekondari: kuunyanyua uzito wa kilo 300, yaani pikipiki, dereva, abiria na kiroba chake, kwa mita 1,000, peke yake hula karibu uniti moja ya umeme, kabla hujahesabu msuguano wa tairi na upepo. Betri za pikipiki za bodaboda kwa kawaida hubeba kama uniti mbili au tatu. Kwa hiyo kupanda tu kunaweza kumaliza nusu ya betri au zaidi, na kama kituo cha kubadilishia betri kipo Mombo peke yake, basi safari ya Lushoto ni ya kwenda na kuomba dua. Niseme na upande wa pili, maana uadilifu unataka hivyo. Kuteremka, chombo cha umeme kilichoundwa vizuri hujizuia kwa mota na kurudisha umeme kidogo katika betri, na hilo kwangu ni bora mara nyingi kuliko ile tabia ya baadhi ya vijana wetu ya kuzima injini kuanzia Soni ili kuokoa mafuta, wakateremka kona zile kwa breki na matumaini. Umeme wenyewe tunao: mitambo ya Hale na New Pangani Falls ipo mkoani kwetu, na bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha mwaka 2024. Kwamba unakatika, hilo mtalijibu wenyewe majumbani mwenu.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa fiqhi ya muamala alikaa wiki mbili nzima juu ya kanuni moja fupi ambayo maana yake ni kwamba faida ya kitu ni haki ya yule ambaye hasara yake ingemwangukia. Tulidhani anapoteza muda. Kanuni hiyo ndiyo inayomzuia mtu kukaa mahali ambapo kila pato linamfikia na kila balaa linampita. Mwuzaji hula faida kwa sababu bidhaa ilipokuwa mkononi mwake, kama ingeungua, ingeungua ikiwa yake. Na akiuza chenye aibu aliyoificha, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha. Ukitaka kujua kama kampuni ya simu inastahili kuingia katika biashara ya magari, usiulize ina mtaji kiasi gani. Uliza kama iko tayari kubeba dhamana ya muuza gari, ambayo ni nzito kuliko dhamana ya muuza simu kwa kadiri ile ile ambayo roho ya abiria ni nzito kuliko picha zilizopotea.

Machi 2025, katika jimbo la Anhui huko China, gari la SU7 la Xiaomi lilipata ajali barabara kuu wakati wa usiku, na wanafunzi watatu wa chuo kikuu wakafariki. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, gari lilikuwa likiendeshwa kwa msaada wa programu, kwa mwendo wa kilomita 116 kwa saa, muda mfupi kabla ya kugonga. Lilitoa tahadhari, dereva akashika usukani, na sekunde chache baadaye likagonga kizuizi. Mwezi uliofuata serikali ya China ikazikataza kampuni za magari kutumia katika matangazo maneno yanayomfanya mnunuzi aamini kwamba gari linajiendesha. Angalia mahali kosa lilipoanzia kutafutwa: katika lugha ya tangazo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika chakula cha mwuzaji sokoni akakuta umajimaji chini, hakumuuliza kuhusu bei. Alimuuliza kwa nini kilicholowa hakikuwekwa juu watu wakione.

Nirudi kwenye ule mkataba, maana ndiko liliko jambo lililonikosesha usingizi. Wengi wetu tunajua simu ya mkopo inavyokuwa. Siku marejesho yakichelewa, kioo kinafunga, na unabaki na kipande cha kioo kinachokudai. Kwa simu tumevumilia. Sasa pikipiki zile zina kifaa hicho hicho, na kampuni inaweza kuizima ikiwa mbali. Kijana akichelewa kuleta hesabu kwa sababu ameuguza mtoto, chombo kitazimika; je, kitazimika kikiwa kimeegeshwa, au kikiwa njiani saa nane usiku kimempakia mama mwenye uchungu wa kujifungua anayepelekwa hospitali? Wakala alituambia kwamba hakizimiki kikiwa katika mwendo. Nilitafuta neno hilo katika mkataba, sikulipata.

Simkatalii mwuzaji haki yake. Deni ni deni, na mchelewaji aliye na uwezo ni mdhalimu. Bodaboda wetu tangu zamani wanachukua pikipiki za mkataba kwa matajiri wa hapa hapa, na tajiri hukaa na kadi ya pikipiki mpaka hesabu iishe. Hiyo ni rahani, na rahani inajulikana katika dini yetu. Tajiri yule, hata hivyo, anaishi Mombo. Kijana akifiwa, tajiri yumo katika safu ya swala ya jeneza. Programu haihudhurii maziko. Zaidi ya hayo, mkataba huu una mambo ambayo tajiri wa kienyeji hakuwa nayo: faini inayokua kila siku ya kuchelewa, ambayo mimi sioni jina jingine la kuiita isipokuwa riba, na pikipiki inayouzwa bila betri, huku betri ikibaki mali ya kampuni na kukodishwa. Kuuza na kukodisha ni halali vyote viwili kila kimoja kwa mkataba wake. Lakini ukiuza chombo ambacho hakiwezi kwenda hatua moja bila kitu unachokikodisha wewe peke yako, kwa bei utakayoipanga wewe mwakani, basi ulichokihamisha kwa mnunuzi ni jina la milki, na milki yenyewe umebaki nayo.

Hofu hii haitokani na dhana mbaya. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake za kawaida Dar es Salaam baada ya LATRA kupanga kwamba kamisheni ya kampuni za aina hiyo isizidi asilimia 15. Ilirejea Januari 2023, baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Siingii katika ugomvi wa nani alikuwa na haki. Inawezekana kabisa kwamba asilimia 15 haikulipa. Nachosema ni kwamba kampuni iliyojengwa juu ya programu inaweza kufunga duka kwa tangazo, kwa sababu haina karakana, haina ghala, haina hata kiti cha kuuza. Dereva aliyekuwa na gari lake mwenyewe alihamia programu nyingine, kwani chombo kilikuwa chake. Fikirini kama na gari lenyewe lingekuwa limeungana na ile programu.

Kabla sijafika kwenye jibu, neno dogo kwa wanaodhani kwamba jambo hili ni la Wachina na Wamarekani tu. Machi 2022 Masoud Kipanya, ambaye Watanzania tunamfahamu kwa katuni na redio, alionyesha Dar es Salaam gari la umeme alilolibuni. Baadhi walicheka: mchora katuni na magari! Mimi nilifurahi, na ningependa kumwona akifanikiwa, kama ambavyo ningependa kuona Nyumbu ya Kibaha, ambayo imekuwa na jukumu la magari tangu miaka ya themanini, inatuletea chombo cha mkulima wa Bumbuli. Mtu wa kwetu akitengeneza, walau karakana yake tutaifikia kwa nauli ya basi.

Basi je, kampuni ya simu iingie katika biashara ya vyombo vya moto? Naam, iingie. Vijana wetu wanalipa sehemu kubwa ya pato lao kituo cha mafuta, moshi wa standi hapa Mombo tunauvuta sote, na anayeleta ahueni hafukuzwi kwa sababu jana alikuwa akiuza bidhaa nyingine. Lakini aingie kama muuza gari, si kama muuza simu aliyekuza bidhaa yake ikaota magurudumu. Hilo ndilo nililomwandikia wakala kwa niaba ya kamati, katika maswali manne. Nilimuuliza vipuri na betri vitapatikana kwa miaka mingapi, na nani atawajibika kampuni ikifunga. Nilimuuliza kama mafundi wetu watafundishwa na kuruhusiwa kukifungua chombo bila kupoteza dhamana ya kiwanda. Nikaomba iandikwe ndani ya mkataba, si isemwe kwa mdomo, kwamba chombo hakitazimwa kikiwa njiani na kwamba onyo litatangulia kwa siku zinazojulikana. La nne lilikuwa faini: iondolewe, au iwe kiasi kisichokua kinachokwenda kwa maskini na si katika hesabu ya kampuni, kama wanavyofanya baadhi ya wenye mifumo ya fedha isiyo na riba.

Kuhusu udhamini, jibu kwa vijana lilikuwa fupi na halikuwapendeza. Kamati ni mtunzaji wa wakfu, si mmiliki. Hatuwezi kuweka rahani kisicho chetu, na aliyetoa fremu zile alizitolea madrasa na maji ya udhu. Mwenye kutaka kumdhamini kijana na amdhamini kwa mali yake. Na hapa nawageukia akina mama, kwa sababu msikiti ulipokataa, vijana wamekwenda nyumbani, na najua mfuko wa vikoba uko wapi. Bi mkubwa, mdhamini ndiye mdaiwa wa pili. Mwanao akishindwa, simu itakayopigwa ni yako. Usisaini kwa huruma wala kwa aibu ya kukataa. Mwambie akusomee kila ukurasa kwa lugha unayoielewa, na palipo na tarakimu, iandikwe jumla utakayodaiwa siku mambo yakiharibika, si hesabu ya siku moja pekee.

Wakala amejibu maswali mawili. Vipuri, anasema, vitakuwapo kwa miaka mitano, na mafundi wawili wa hapa watapelekwa mafunzo. Ni majibu mazuri, na nimemwomba ayatie saini. La kuzimwa amesema amelipeleka makao makuu. La faini amelinyamazia. Kikao kinachofuata ni Jumamosi baada ya Alasiri, In shaa Allah, na wazazi wote wamealikwa, wanaume na wanawake. Nakala ya mkataba kwa Kiswahili tumeahidiwa kabla ya siku hiyo. Hadi ninapoipeleka safu hii gazetini, iliyo mezani kwangu ni ya Kiingereza, kurasa kumi na moja, na vijana wawili kati ya tisa wamekwisha kuitia saini.